Droo ya Chini ya Kaunta

Ukimkuta mtaani ukamuuliza kazi yake, atakwambia anafundisha kompyuta, na kabla hujamaliza kuitikia atakuwa ameshakufungulia duka. Hana mfano mwingine. Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Kaunta, naye akalipokea bila kinyongo, maana ujana wake wote alitengeneza televisheni na watu wakimwita Waya. Jina jipya angalau lilikuwa na neno "mwalimu" ndani yake.

Darasa lake liko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Yeye akizungumza, chini wanakata mabati, kwa hiyo amezoea kusema kwa vipande: sentensi, bati, sentensi, bati. Kuna meza ndefu mbili, ubao mweupe uliofutwa mpaka ukawa wa kijivu, na soketi mbili, moja ya dirishani inayoaminika na nyingine nyuma ya mlango ya kubahatisha. Wanafunzi wake ni watu wazima walioamua ukubwani kujua programu za mtandaoni zinajengwaje. Muhula huu alikuwepo kinyozi aliyetaka wateja wapange zamu kwa simu. Alikuwepo karani mstaafu aliyekuja, kwa maneno yake mwenyewe, ili mkewe apumzike. Alikuwepo muuza vipuri ambaye hakuelewa chochote wala hakukosa hata Jumamosi moja. Na alikuwepo Mama Makochi, ambaye nitamfikia.

"Nyie mkishuka hapo chini kununua misumari, mnaona nini kwanza?" Mwalimu aliwauliza siku ya kwanza, kama anavyowauliza wote.

"Kaunta," alisema kinyozi.

"Na foleni," alisema karani.

"Kaunta! Sasa kaunta ndiyo ule ukurasa unaouona kwenye kioo. Vitufe, picha, rangi. Pamepangwa vizuri, panavutia, lakini mali haikai pale. Nyuma ya kaunta yupo mhudumu. Huyo tunamwita seva. Wewe unamwambia nataka misumari ya inchi tatu, yeye anaingia ndani, anakuletea. Na huko ndani anakoingia ni stoo. Hiyo ndiyo hifadhidata, mali yote iko huko. Mteja haingii stoo. Hata awe nani."

Akawasimamisha waigize. Karani akawa mteja, kinyozi akawa mhudumu, muuza vipuri akapelekwa kwenye korido alinde maboksi na kuambiwa kwamba yeye ni stoo. Karani akagonga meza akaomba misumari. Kinyozi, bila kunyanyua hata kisigino, akamjibu, "Imekwisha."

"Hujaenda hata kuangalia!"

"Mwalimu, si umesema nifanye kama wanavyofanya hapo chini?"

Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu alicheka kuliko wote. Hapo ndipo anapokuwa mtu kamili, katikati ya watu wazima wanaocheka huku wakielewa.

Ana mambo mawili anayojivunia katika ufundishaji wake, na ni vizuri uyajue mapema. La kwanza ni mpangilio. Anaanza na kaunta, anakuja kwa mhudumu, anaingia stoo, na mwisho kabisa, siku ya kufunga muhula, ndipo anapofundisha droo. Chini ya kaunta pana droo, na mhudumu mwerevu huweka humo vitu vichache alivyokwisha kuvitoa stoo, ili asikimbiekimbie. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo: kilichokwisha kuletwa hukiweka karibu, ukakiona tena bila stoo kuguswa. Zamani alikuwa akifundisha droo mapema, watu wakachanganyikiwa na kwenda nyumbani wakiamini kwamba mali inakaa kwenye droo. Akaihamishia mwisho, na tangu hapo mambo yakanyooka.

La pili ni kauli yake. Mtu mzima anapokaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, kidole kinamganda hewani. Anaogopa kuvunja. Mwalimu humwinamia na kumwambia, "Bonyeza. Hakiharibiki kitu." Ameisema mara nyingi kiasi kwamba darasa zima huiitikia kama wimbo. Mimi mwenyewe siwezi kuyasema vibaya mambo haya mawili. Yamewatoa woga watu wengi.

Mama Makochi, basi, ni fundi wa makochi. Ana vidole vigumu vya kuvuta ngozi na kupigilia pini, na kila alipokaa alilibonyeza kwanza kalio la kiti na kuguna kuonyesha kwamba aliyelitengeneza ni mwizi. Siku ya kwanza alifika kabla ya wote, akihema, akakimbilia soketi ya dirishani na kuchomeka laptopu yake kuukuu aliyokuwa ameifunga kwa kitambaa chekundu cha mahameli, salio la kochi la mtu. Betri yake ilikuwa hoi, imebakiwa na pumzi ya kutoka karakana kwake hadi darasani tu. Ndiyo maana alikuwa akija mbio, na ndiyo maana soketi ile, tangu siku hiyo, ikawa yake.

Somo la kwanza kabisa lilikuwa kuwasha na kuzima. Wote waliwasha, wote wakazima. Mama Makochi alikunja mikono.

"Mimi hii siizimi."

"Mama, hata mashine inahitaji kulala."

"Yangu hailali."

Watu walicheka, Mwalimu naye akamtania kwamba laptopu hiyo itakuja kumshitaki kwa kunyimwa likizo. Akamwacha. Alidhani ni ukaidi wa kawaida wa mtu mzima. Alimwona pia, kila asubuhi kabla ya kipindi, amejichomeka kisikizi kwenye sikio moja, macho dirishani, akisikiliza kitu kifupi na kukirudia. Kinyozi alisema ni mahubiri. Karani alisema hapana, mtu hatabasamu vile kwa mahubiri.

Jumamosi moja wenzake walipokwisha kushuka, alibaki akiviringisha kona ya kile kitambaa.

"Mwalimu, stoo ikifungwa, mali inakwenda wapi?"

Mwalimu alifurahi. Lilikuwa swali zuri, tena la mtu aliyefuatilia. "Inategemea na mwenye duka, Mama. Anaweza kuihamisha, anaweza kuitupa."

"Na kama siyo mali yake? Kama ni ya mteja, ilikuwa imewekwa pale tu?"

Ndipo akamweleza. Alikuwa na binti, mtoto pekee, aliyefanya kazi mbali. Binti alijiunga na tovuti ya kampuni moja ndogo, ya familia zinazoishi mbalimbali, akamfungulia na mama yake. Kila Jumapili akamtumia sauti. Siyo mambo makubwa. Ameamkaje, amekula nini, bosi wake kasema nini. Kisha binti akaugua, ugonjwa wa muda mfupi, na mama alisafiri akafika kumzika tu. Miezi baadaye ukurasa ukaleta tangazo kwamba huduma inasitishwa, kila mtu achukue vitu vyake. Mama akadhani ni matangazo ya biashara, akalifunga, kama alivyofundishwa na mtoto wa kaka yake kuyafunga matangazo. Huyo huyo alipojaribu baadaye kwa simu yake akamwambia, "Shangazi, hawa wamefunga."

"Nataka tu kujua stoo yao iko wapi," alisema Mama Makochi. "Nikishajua nitakwenda mwenyewe niwaombe. Mimi najua kuomba, Mwalimu."

Mwalimu alijua pale pale. Mtu anayejua maduka haya yanavyojengwa anajua pia yanavyobomolewa. Lakini ulimi wake, ulimi unaopigana na mabati Jumamosi nzima bila kuchoka, ukawa mzito. Alimtazama yule mama, akaitazama ile mahameli, akasema, "Nitaangalia."

Na kweli aliangalia, hilo tusimnyime. Aliandika anwani ya tovuti, haikufunguka. Aliwaandikia barua pepe, ikamrudia. Alipiga simu, haipo. Akauliza huku na huku hadi akampata kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ile, naye kijana akamjibu bila kuficha.

"Mzee, zile seva zilikuwa za kukodi. Tulipofunga, zikafutwa. Hata mimi picha za harusi yangu zilikuwa mle."

Jioni hiyo alimsimulia mkewe, ambaye ni muuguzi, wakiwa wanaanua nguo. Mkewe hakusita.

"Mwambie."

"Nitamwambia Jumamosi."

"Kwa nini Jumamosi? Mwambie kesho. Wodini tunajua, ukimchelewesha mtu anaanza kupanga mambo."

Jumamosi ikafika. Mama Makochi alimngoja mlangoni, chaja mkononi, na kabla ya salamu kumalizika akauliza, "Wamejibu?"

"Bado," alisema Mwalimu. Hiyo ingetosha, ingawa nayo haikuwa kweli. Lakini alimwona usoni, akaongeza, "Wanashughulikia."

Sijui lilitoka wapi neno hilo. Nimewahi kulisikia kwenye ofisi nyingi, midomoni mwa watu wasioshughulikia lolote, na huwa linanipandisha hasira. Kwa Mwalimu lilitoka kwa huruma, na likafanya kazi ile ile. Mama aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye soketi yake akiwa mwepesi, na wiki iliyofuata aliuliza tena akajibiwa vile vile. Mwalimu akawa anajichukia kuanzia Ijumaa.

Kitu kimoja Mwalimu hakukijua, kwa kuwa mama hakumwambia. Ule ukurasa wa binti yake ulikuwa bado uko wazi kwenye laptopu ile. Ulifunguliwa siku za matanga na haukufungwa tena. Sauti zilikuwa nyingi, zimepangwa kwa mstari, lakini nyingine zote ukizigusa zilikuwa zikizunguka tu bila kulia. Iliyolia ilikuwa moja, ya mwisho, ile aliyokuwa akiisikiliza siku ukurasa ulipofunguliwa. Ndiyo aliyoisikiliza kila asubuhi kwa sikio moja. Hakumwambia mtu kwa sababu mtoto wa kaka yake alitaka kumsaidia, akaupeleka mkono pale, na mama akampiga kofi mkononi kabla haujafika. Aliona aibu baadaye. Akaamua bora asiseme.

Basi likafika somo la kupakia upya. Ni somo jepesi, Mwalimu hulipenda. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye meza ya pili, chini mabati yalikuwa yametulia.

"Leo kila mmoja afungue tovuti anayoitumia mwenyewe. Yoyote. Mama, umeshafungua?"

"Yangu iko wazi."

"Mmeona? Mama ametutangulia." Akachora kwenye ubao kimshale kinachozunguka. "Hicho kilichopo kwenye kioo sasa hivi ni jibu la zamani. Ulimwuliza mhudumu, akaingia stoo, akakuletea, mkaishia hapo. Stoo inaweza kuwa imebadilika, wewe huna habari. Ukitaka jibu jipya, unamwagiza tena. Unabonyeza hiki kimshale."

Mama Makochi alinyoosha mkono. Hakuwa na kawaida ya kuuliza mbele za watu.

"Na yale yaliyokuwa hayafunguki, yatafunguka?"

"Stoo ikijibu, yatafunguka," alisema Mwalimu, macho yakiwa tayari kwa kinyozi aliyekuwa amefungua matokeo ya mpira. "Haya, msiogope. Bonyeza..."

"Hakiharibiki kitu!" darasa likaitikia, na Mama Makochi akiwemo.

Kinyozi alipiga ukelele kwamba timu yake imeongezwa goli. Karani akasema gazeti lake limeleta kifo kipya. Muuza vipuri alibonyeza kisichobonyezwa. Mwalimu alimsaidia, akaendelea na meza, akafika dirishani, akakuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja katikati unaosema anwani hii haipatikani. Mama alikuwa amekishika kisikizi sikioni kwa vidole viwili.

"Bado inaleta?" alimwuliza Mwalimu. "Inachukua muda?"

"Mama, ulikuwa umefungua nini?"

"Ya mwanangu."

"Lakini ile si imefungwa?"

"Moja ilikuwa inalia. Nikasema sasa wameshashughulikia, nyingine nazo zitalia."

Mwalimu akavuta kiti. Alibonyeza mshale wa kurudi nyuma, ukaja ukurasa ule ule mweupe. Alichimbua mafaili ya kivinjari moja baada ya jingine, akaandika amri ambazo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuziona, akatafuta, akatafuta tena kwa njia nyingine. Karani alivua miwani. Duka lile lote Mwalimu alilijua chumba kwa chumba, alijua kitu kile kilikuwa kimekaa wapi na kilitoka kwa mlango gani, na hakuwa na la kufanya.

"Lakini Mwalimu," alisema kinyozi kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, "kama stoo ilishafungwa, hiyo moja ilikuwa inaliaje?"

Ikabidi ajibu. Alijibu akiwa bado ameangalia kioo.

"Ilikuwa kwenye droo."

"Droo gani?" aliuliza Mama Makochi.

"Chini ya kaunta pana droo, Mama. Kilichokwisha kuletwa kinawekwa hapo. Hata stoo ikifungwa, cha kwenye droo kinabaki, mradi usiagize upya. Ukiagiza upya, inamwagwa." Akawageukia. "Sijawafundisha bado. Ni somo la mwisho."

Mama alilitafakari jambo hilo taratibu, kama alivyotafakari masomo yote.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwaga."

"Hapana. Ni mimi niliyekwambia ubonyeze." Halafu, kwa kuwa sasa hapakuwa na kitu cha kuokoa kwa uongo, akasema na lile jingine. "Na hawakujibu, Mama. Hawajawahi kujibu. Hakuna anayeshughulikia, stoo ilifutwa zamani. Nilijua. Nilikudanganya."

Mama Makochi alimgeukia.

"Nilijua unanionea huruma," alisema. "Sikujua kama unanidanganya."

Simu ya Mwalimu ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Aliihisi hapo. Kama angejua, angeiweka tu karibu na spika, akabonyeza kurekodi, wakati wa kufumba na kufumbua ingekuwa imekwisha. Kama angesema ukweli ile siku ya kwanza kwamba stoo haipo, mama naye angemwambia lakini moja inalia. Angeiweka simu pale mezani. Wazo hilo lilimwingia likakaa, na mpaka leo halijatoka.

"Alikuwa anasema nini, Mama?" aliuliza karani. Sisi wengine tusingethubutu, lakini wazee wana ruhusa yao.

"Anasema, 'Mama, unanisikia? Kama hunisikii niambie.' Halafu anajicheka mwenyewe kwa alichokisema." Akajaribu kumwiga. "Hapo kwenye 'niambie' anapandisha. Hivi. Niambie." Akakosea, akarudia. "Hapana. Siyo hivyo."

Akarudia mara nyingine, kwa sauti ya ndani zaidi, kisha akaacha. Mwalimu alikuwa akilia waziwazi mbele ya wanafunzi wake na hakujificha. Mama hakulia. Alichomoa kisikizi, akakizungusha vidoleni, akakitia mfukoni. Alikunjua kitambaa cha mahameli mezani, akakinyoosha kona zote nne, halafu akasita, mikono juu ya laptopu.

"Mwalimu."

"Naam, Mama."

"Ile siku ya kwanza uliwafundisha wenzangu kuzima. Mimi nikakataa."

"Ndiyo, Mama."

"Nifundishe. Inazimwaje?"

Mwalimu alifuta uso kwa kiganja. Akainama pembeni yake kama anavyowainamia wote, akamwonyesha kitufe cha pembeni, ukaja mstari wa maneno, akamwonyesha lililoandikwa Zima. Mama alikipeleka kidole pale. Kikaganda hewani. Aligeuka akamtazama Mwalimu, na hakukuwa na kejeli yoyote machoni mwake, alikuwa akiuliza tu kama mwanafunzi.

"Hakiharibiki kitu?"

Safari hii darasa halikuitikia. Lilimngoja Mwalimu.

"Hapana, Mama," alisema. "Hakiharibiki kitu."

Akabonyeza.